Ukiketi Mezani Mara ya Kwanza: Mwongozo wa Shindano la Poka

Mwongozo huu ni wa mtu anayeijua poka tayari. Unajua kwamba katika Texas Hold'em kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha tano za wote hufunuliwa katikati ya meza: tatu kwa pamoja, ya nne, halafu ya mwisho. Unajua jozi mbili hupigwa na tatu za namba moja. Umecheza na marafiki Jumamosi usiku, umecheza kwenye simu mpaka betri ikazima, na mara nyingi umekula wewe. Sasa unataka kulipa kiingilio, uketi ukumbini na watu wanane usiowajua, mbele ya mgawaji aliyevaa sare. Kitakachokusumbua huko si karata. Ni mikono yako, mdomo wako, saa iliyo ukutani na pochi yako.

Mfano wangu mkuu utakuwa Las Vegas, kwenye World Series of Poker, mashindano yaliyoanza mwaka 1970 katika kasino ya Benny Binion na ambayo sasa hujaza kumbi nzima kila majira ya joto. Ndugu zetu walioko Marekani na Kanada wanaweza kufika huko kwa ndege ya saa chache. Ukicheza Nairobi au kwingine, mengi ya haya yatakufaa vilevile, kwa sababu kumbi nyingi duniani hufuata kanuni zilizokusanywa na chama cha wasimamizi wa mashindano ya poka kilichoundwa mwaka 2001. Umri ndio unaotofautiana: Kenya na Tanzania ni miaka 18, Las Vegas 21, Uganda 25. Msomaji ambaye dini yake imeharamisha kamari simshawishi hata kidogo. Hukumu anaijua kuliko mimi, na anaweza kuishia hapa kwa amani.

Pesa kabla ya karata

Kila anayeota shindano hili amesikia habari za Chris Moneymaker. Mwaka 2003, mhasibu huyu wa Tennessee aliingia kwenye shindano kuu, lenye kiingilio cha dola 10,000, kupitia mchujo wa intaneti uliomgharimu chini ya dola 100. Akawashinda wenzake, jumla walikuwa 839, akaondoka na dola milioni 2.5. Miaka mitatu baadaye shindano hilohilo lilikuwa na wachezaji 8,773. Watu waliona mtu wa kawaida ameweza, wakafungasha. Kisichosimuliwa sana ni kwamba Moneymaker hakuingia peke yake: aliuza sehemu ya ushindi wake mapema kwa baba yake na rafiki, maana safari ina gharama na mshahara wa mhasibu unajulikana.

Nawe unaweza kufanya hivyo. Watu wawili watatu wakikuchangia kiingilio kwa makubaliano ya kugawana, andikeni. Nani katoa kiasi gani, atapata asilimia ngapi, ukirudia kuingia nani analipa, kodi inakatwa kabla au baada ya mgawo. Ujumbe wa simu ambao wote wameujibu unatosha. Urafiki mwingi umevunjika kwa fedha iliyopatikana kuliko kwa iliyopotea, kwa sababu iliyopotea haina wa kuigombania.

Hesabu ya kweli ni hii. Mashindano makubwa ya Las Vegas hulipa takriban asilimia 15 ya walioingia. Maana yake kati ya watu 100, kama 85 wanarudi mikono mitupu, na wengi wa wale 15 wanapata mara moja na nusu au mara mbili ya walichotoa. Katika shindano kuu, kwa mfano, malipo ya chini kwa miaka mingi yamekuwa dola 15,000 kwa kiingilio cha 10,000. Fedha kubwa ziko juu kabisa. Mwaka 2019 kulikuwa na shindano la kiingilio cha dola 500 lililopata maingizo 28,371. Femi Fashakin aliyeibuka wa kwanza alipata zaidi ya dola milioni 1.1. Sasa jiweke kwenye ule umati, sio kwenye kiti cha Fashakin, halafu jiulize: fedha hii ikiondoka leo, kodi ya nyumba italipwa? Ada ya mtoto? Kama jibu linakwamakwama, bado hujawa tayari.

Kiingilio chenyewe kina mikato. Ukikiona kimeandikwa dola 150, sehemu ni zawadi na sehemu ni ya nyumba, yaani kasino, na mara nyingi kiasi kidogo huenda kwa wafanyakazi. Mashindano madogo ya kila siku ndiyo hukata zaidi kwa uwiano. Kuna pia ruhusa ya kuingia tena ukitolewa mapema. Hapo ndipo mtu aliyepanga kutumia 150 anajikuta ametumia 450, maana anarudi dirishani akiwa na hasira. Amua idadi ya maingizo ukiwa nyumbani, na fedha ya ziada iache huko huko.

Karatasi ya ngazi

Kabla ya kulipa, omba karatasi inayoonyesha ngazi za shindano, au isome kwenye tovuti yao. Utafute mambo mawili: unaanza na sarafu ngapi za mchezo ukilinganisha na madau ya lazima, na kila ngazi inachukua dakika ngapi kabla madau hayo hayajapanda. Shindano kuu la World Series humpa mchezaji sarafu za 60,000 na ngazi za saa mbili. Shindano la jioni la kasino ya kawaida linaweza kuwa na ngazi za dakika 20.

Tofauti hiyo si ndogo. Mezani, mgao mmoja huchukua kama dakika mbili, kwa hiyo kwa saa moja mtacheza migao 25 hadi 30. Mkiwa tisa, mzunguko mzima wa meza huchukua dakika 18 au zaidi. Ngazi ya dakika 20 ni mzunguko mmoja tu, kisha kila kitu kinapanda. Mtu aliyezoea simu, ambako migao hupita kwa kasi maradufu au zaidi, hushangaa: anahisi mchezo unajikokota, kumbe sarafu zake zinayeyuka.

Hebu tuzipige hesabu karata nzuri anazozisubiri. Jozi ya ree, yaani zile mbili zenye herufi A, huja mara moja katika migao 221. Kwa migao 30 kwa saa, hiyo ni zaidi ya saa saba kwa wastani. Jozi yoyote ile huja mara moja katika 17, karibu mara mbili kwa saa. Na ukiwa na jozi, zile tatu za kwanza zitakupa karata ya tatu ya namba hiyo mara moja katika nane hivi. Katika shindano la jioni unaweza kutolewa kabla hujapata jozi moja ya maana, na hakuna aliyekuibia. Anayesema "nitasubiri karata kubwa" katika ngazi za dakika 20 anasubiri basi lisilopita barabara hiyo.

Ushauri wangu kwa mgeni: lipa kiingilio kidogo kwenye shindano lenye ngazi ndefu, hata kama zawadi ya kwanza haivutii. Unalipia muda wa kujifunza. Shindano la haraka lina bahati nyingi mno, hata mwenye ujuzi hupata shida kuutumia.

Mikono na mdomo

Ukishalipa utapewa tiketi yenye namba ya meza na ya kiti. Kiti cha kwanza ni kile kilicho kushoto kwa mgawaji, na namba zinaendelea kumzunguka mpaka mkono wake wa kulia. Beba pasipoti au kitambulisho halali. Bila hicho hutasajiliwa.

Ukiketi, panga sarafu zako kwa minara inayolingana, zile za thamani kubwa mbele ili kila mtu azione. Kuzificha nyuma ya zile ndogo ni kosa, na kuzitia mfukoni wakati wa mchezo ni kosa kubwa zaidi. Sarafu hizi hazina thamani ya fedha nje ya shindano. Za 25,000 zikiwa mkononi mwako hazinunui hata chai.

Sasa kanuni inayowaumiza wageni kuliko zote. Tuseme dau kubwa la lazima ni 400 na zamu yako imefika. Una karata nzuri, unataka kupandisha mpaka 1,000. Unachukua sarafu moja ya 1,000, unaiweka mbele bila kusema kitu. Mgawaji atakurudishia 600. Umefuata tu, hujapandisha. Sarafu moja kubwa kuliko dau, ikiwekwa kimya, ni kufuata, na kupinga hakusaidii. Hata mwenzako akiwa ameshapandisha hadi 1,200 nawe ukatupa sarafu moja ya 5,000, bado umefuata 1,200.

Dawa ni kusema kwanza, kuweka baadaye. "Napandisha, elfu moja." Ukishatamka, umefungwa na maneno yako, hata mkono ukiwa haujaondoka kwenye meza. Usiseme nusunusu: ukisema "nafuata... na naongeza", lile la kwanza ndilo litakaloshikwa. Na usiweke sarafu kwa mikupuo, kidogo sasa, kidogo tena ukimwangalia mwenzako usoni. Kama hukutaja kiasi, mkupuo wa kwanza tu ndio utakaohesabiwa.

Kiasi cha kupandisha nacho kina kima. Unatakiwa kuongeza angalau kiasi alichoongeza aliyekutangulia. Dau likiwa 400 na mtu akapandisha hadi 1,200, ameongeza 800. Wewe ukitaka kupandisha juu yake, anzia 2,000. Ukichanganyikiwa muulize mgawaji. Yuko pale kwa ajili hiyo, na wachezaji wazoefu huuliza kila siku. Usilolijua ni jinsi anavyochoka na wale wasiouliza.

Karata zako zilinde. Mgawaji hukusanya zilizotupwa kwa kufagia kwa mkono, na walioketi kiti cha kwanza na cha mwisho wako karibu kabisa na mkono huo. Karata zako zikiwa wazi juu ya kitambaa bila kitu juu yake, zikafagiwa kwa bahati mbaya na kuchanganyika na zilizotupwa, zimekwenda. Hata zikiwa wafalme wawili. Weka sarafu moja juu yake, au kitu kidogo ulichobeba. Wapo wanaoweka jiwe la pwani, pete ya ufunguo, sarafu ya shilingi ya nyumbani. Unapozitazama, zifunike kwa viganja viwili na kuinua pembe tu. Ukizinyanyua kama unavyofanya barazani, jirani yako atazisoma bila hata kutaka.

Kuna kanuni nyingine inayowahusu hasa wasemaji wa Kiswahili. Huko Marekani, wakati mgao unaendelea, lugha ya mezani ni Kiingereza peke yake. Ukikutana na Mkongomani au Mtanzania meza moja, mkasalimiana kwa furaha, salamu ziishe kabla karata hazijagawiwa. Mkisema Kiswahili wakati mmoja wenu ana karata, wengine wana haki ya kudhani mnapeana siri, na msimamizi anaweza kuwaadhibu. Nje ya Marekani, lugha ya mahali nayo hukubaliwa, kwa hiyo Nairobi utapumua. Simu pia iwe mbali ukiwa na karata mkononi.

Ukishatupa karata zako, huna la kusema kuhusu mgao huo mpaka uishe. Umetupa saba, na katikati zikafunuliwa saba mbili: usijipige paji la uso, usicheke, usimnong'oneze jirani. Umewaambia wote saba moja haiko tena mchezoni. Jambo hili linaonekana dogo, lakini kwa mwenye sarafu zake zote katikati ya meza ni kama umemfungulia mpinzani wake karata.

Kiasi ulichobakiza ndicho kinachoamua

Nyumbani watu huangalia karata zao, kisha wanaamua. Shindanoni unaangalia kwanza una nini mbele yako.

Fanya hivi kila ngazi inapobadilika. Jumlisha gharama ya mzunguko mmoja: dau dogo la lazima, dau kubwa, na lile la nyongeza ambalo siku hizi mwenye dau kubwa huwalipia wote. Kwa mfano 500, 1,000 na 1,000 tena, jumla 2,500. Una sarafu za 20,000. Gawanya: mizunguko minane. Dan Harrington, bingwa wa shindano kuu la mwaka 1995, aliieneza hesabu hii katika vitabu vyake, na mpaka leo sijaona chombo rahisi kuliko hicho kwa mtu wa kawaida. Minane si uhai mrefu, kwa sababu ngazi itapanda kabla hujaimaliza.

Ukiwa na mizunguko 20 na zaidi, cheza poka uijuayo. Kaa kimya kwenye viti vya mwanzo vinavyoamua kabla ya wengine, ingia na karata nyingi zaidi ukiwa wa mwisho kuamua, pandisha kwa mara mbili na nusu hivi ya dau kubwa badala ya kufuata tu. Tabia ya kufuata dau ili "nione kinachokuja" ndiyo ugonjwa wa mezani kwa marafiki. Shindanoni ndiyo inayowamaliza watu polepole.

Ukishuka mpaka sarafu zako ziwe mara kumi ya dau kubwa au chini ya hapo, mchezo unabaki na maamuzi mawili: kutupa, au kuingiza zote. Kuingiza zote kwanza kuna faida ambayo kufuata hakuna, kwani wenzako wanaweza kutupa wote na kitita kikawa chako bila karata kuonyeshwa. Ukifuata, lazima uwe na karata bora ndiyo ushinde. Kwa hiyo ukiwa mwembamba, na wote kabla yako wametupa, na umekaa karibu na kibao cha mgawaji, yaani miongoni mwa wa mwisho kuamua, ree na karata ya kawaida, au jozi yoyote, inatosha. Usingoje mpaka ubaki na madau mawili. Hapo hakuna wa kukuogopa, kila mtu atakufuata.

Hesabu ya kufuata nayo iweke kichwani. Katikati kuna 6,000, mpinzani ameweka 3,000. Unatakiwa utoe 3,000 ili ushindanie 9,000, yaani unahitaji kushinda angalau mara moja katika nne. Una kopa nne, unangoja ya tano, imebaki karata moja ya mwisho. Kopa zilizosalia ni tisa kati ya karata 46 usizoziona: kama asilimia 20. Haitoshi, tupa, isipokuwa kama una hakika kwamba ukiipata atakulipa zaidi. Hakika hiyo wageni huwa nayo kirahisi mno.

Utapigwa ukiwa mbele, jambo hilo ulitarajie. Ree mbili dhidi ya wafalme wawili hushinda kama mara 82 katika 100, kwa hiyo mara 18 zilizobaki zipo na zitakukuta. Hata ukiingiza zote mara tano, kila mara ukiwa na nafasi 80 kwa 100, uwezekano wa kunusurika zote tano ni karibu theluthi moja tu. Anayetolewa kwa namna hiyo hana kosa. Anayeanza kuwasimulia wapita njia jinsi alivyoonewa, huyo kosa analo, na hakuna anayemsikiliza.

Kuwasoma watu bila kujifanya mganga

Sinema zimewadanganya wengi kwamba utajua mkwara kwa jinsi mtu anavyopepesa macho. Achana na macho. Tazama mambo mawili matatu yasiyohitaji kipaji. Nani anaingia kila mgao? Nani hajaingia kwa nusu saa? Nani hutazama sarafu zake haraka mara tu zile tatu za katikati zinapofunuliwa? Huyo mara nyingi amepata kitu na mkono unataka kuweka dau.

Ili uyaone hayo, usizitazame karata zako mara zinapofika. Ziache, zifunike, watazame wenzako wanapotazama zao. Wapo wanaojiandaa kutupa kabla zamu haijafika, na hilo linakupa nafasi ya kupandisha ukijua nani kaondoka. Zamu yako ikifika, tazama, amua. Na jitahidi kutumia muda uleule kila mara, ili nawe usisomeke.

Kwa mashindano ya viingilio vidogo, nina kanuni moja ambayo siiachi: mtu aliyenyamaza kutwa, akikupandishia dau kubwa baada ya karata ya mwisho, mwamini. Wachezaji wa kawaida hupiga mkwara mapema, wakiwa bado wana matumaini. Mwishoni, wengi wao hawathubutu. Kumlipa ili "nione tu" ni kununua kitu ambacho ameshakwambia bei yake.

Mwingine atacheza vibaya, atafuata dau lako kwa karata za ovyo, na atashinda. Usimfundishe. Ukimfundisha akaelewa umeongeza mpinzani, na asipoelewa atakasirika tu. Mtikisie kichwa, sema "umecheza", endelea.

Tumbo, usingizi na mapumziko

Siku moja ya World Series inaweza kuchukua saa kumi na zaidi, na mapumziko mafupi kila baada ya saa mbili hivi. Kumbi ni baridi kwa sababu ya viyoyozi, hata nje jua likiwa kali la jangwa, beba sweta. Beba maji, karanga, ndizi kama inaruhusiwa. Mlo mzito wa wali na nyama saa ya chakula cha jioni utaujutia ngazi inayofuata, macho yakianza kufumba.

Foleni ya choo wakati wa mapumziko ni ndefu kuliko mapumziko yenyewe. Wazoefu hutoka dakika chache kabla, wakipoteza mgao mmoja au miwili ya karata ambazo wangezitupa tu. Ukichelewa kurudi, madau yako ya lazima yanaendelea kukatwa ukiwa haupo. Vileo vya bure au vya bei nafuu viko karibu kila mahali. Sijui mtu aliyecheza vizuri zaidi baada ya glasi ya tatu, ila nawajua waliodhani hivyo.

Ukikaribia mpaka wa malipo

Wanapobaki watu wachache kabla ya malipo kuanza, utaona ukumbi umebadilika. Wenye sarafu chache wanajikunja, wanasimama kuchungulia meza nyingine kuona nani katoka. Msimamizi hutangaza kwamba meza zote zicheze mgao mmoja mmoja kwa pamoja, ili asiwepo wa kuchelewesha makusudi. Mgao mmoja unaweza kuchukua dakika kumi.

Hapa jiulize ulikuja kwa nini. Kama malipo ya chini yana maana kubwa kwako, na sarafu zako ni chache lakini zinatosha mizunguko miwili, hakuna aibu kutupa hata karata nzuri na kungoja. Watakaokucheka hawakulipii nauli. Ila kama una sarafu nyingi, huu ndio wakati wa kupandisha dhidi ya wanaojikunja, kwa sababu hawataki kutolewa na karata za kawaida. Mwenye sarafu nyingi kuliko wewe muepuke. Yeye peke yake ndiye anayeweza kukumaliza.

Siku ikiisha nawe bado upo, utapewa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Hesabu sarafu zako mara mbili, andika jumla, jina na namba ulizopewa, mgawaji ahakikishe, kisha funga kwa ule utepe usiofunguka bila kuchanika. Baki na kipande chako cha karatasi, na usome vizuri meza na saa ya kesho.

Ukitolewa, simama, wape mkono walio karibu, ondoka. Kutoka chumba cha poka hadi mlangoni utapita katikati ya mashine za kamari na meza za ruleti, na hiyo si bahati mbaya ya mchora ramani. Poka unacheza dhidi ya wenzako na nyumba inachukua ada. Zile mashine unacheza dhidi ya nyumba, na nyumba haichoki. Pita moja kwa moja.

Ukifika kwenye malipo, nenda dirishani na kitambulisho. Mkazi wa Marekani ana hesabu zake na mamlaka ya kodi ya huko. Mgeni kutoka nje, ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi unaomwondolea makato hayo, hukatwa asilimia 30 kwenye ushindi wa mashindano, na Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Watakupa hati inayoonyesha kiasi ulichoshinda na kilichokatwa. Usiondoke dirishani bila hati hiyo, na ile orodha ya waliokuchangia ifungue siku hiyohiyo.